Bado Isiyo na Hapana

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua daftari hili ili nisije nikamtukana mtu mzima kwa mdomo. Nitamtukania humu.

Nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia cha hospitali, sita kati yake nikiwa msimamizi. Leo meneja mpya ametukusanya kati ya mashine na kutangaza kwamba hospitali imechukuliwa na kampuni, wakubwa wenyewe wako mbali na wanasoma taarifa kwenye kompyuta, kwa hiyo daftari la zamu litaandikwa kwa Kiingereza. Tunamwita Tai, kwa sababu ya ile tai ya shingoni asiyoivua hata kwenye mvuke, na pia kwa sababu ya yule ndege. Kila mtu achague maana yake.

Mvua imeanza. Nimerudi nyumbani nikamkuta wifi yangu, dada wa mume wangu, amekaa kwenye kiti changu na masanduku mawili miguuni. Paa lake linavuja. Atakaa “kidogo tu, mpaka mvua ikatike”.

Mvua yenyewe ndiyo kwanza imeanza leo.

Jumanne, 5 Machi

Mashuka mia tatu na arobaini, na kamba za nje hazifai kitu. Tukabaki na mashine ya rola, ile inayokausha na kupiga pasi kwa pamoja. Saa nne nayo ikaharibika. Mbele ya rola kuna upau wa usalama. Mkono ukiukaribia, ukiugusa tu, mashine inazimika yenyewe. Leo Fundi ameugusa kwa ufagio mara tano na rola zikaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna aliyebisha hodi. Akachomoa fyuzi.

“Kuna kidude kimekufa ndani,” akasema. “Lazima kiagizwe.”

“Kitafika lini?”

“Wiki hii.”

Fundi huyu, kila kitu kwake ni wiki hii. Kwenye daftari la zamu, penye nafasi ya rola, nimeandika neno moja: Bado.

Jumatano, 6 Machi

Tai amelizungushia neno langu duara la wino mwekundu kama mwalimu wa darasa la pili.

“Hii nini?”

“Bado, bosi. Rola bado.”

“Bado nimeielewa. Nataka Kiingereza. Sentensi kamili, siyo vipande vipande.”

Nikaenda kuazima kamusi kwa dada wa mapokezi. Nikatafuta bado. Pale pameandikwa “yet”. Kutengenezwa nakujua, ni “repaired”. Nikaunga, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: “The roller is repaired yet.”

Tai akasoma, akatia tiki. Nimejisikia kama nimefaulu mtihani, na nimekasirika kwamba nimejisikia hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Rola bado. Wifi amepanga upya vyombo vyangu jikoni; nimetafuta mwiko kwa dakika kumi nyumbani kwangu mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Rola bado. Fundi: “Wiki hii.”

Jumatano, 13 Machi

Nimeletewa kichekesho nyumbani, nacho ni mimi.

Tai anataka kurasa za wiki zinakiliwe upya bila kufutwafutwa, nikaja nazo. Wifi alikuwa karani wa kupiga chapa miaka thelathini, kwenye ofisi za watu wakubwa, na hajaacha kutuambia. Akavaa miwani, akasoma, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Mume wangu akaja kuangalia, watoto wakaja.

“Wifi yangu! Umeandika rola imetengenezwa!”

“Nimeandika bado.”

“Hujaandika bado. Sikiliza. Bado yetu sisi ina hapana tumboni mwake. Nikikuuliza umekula, ukanijibu bado, nimeshajua hujala. Hii ‘yet’ yao ni tumbo tupu. Usipoitangulizia ‘not’, haikatai kitu. Useme ‘has not been repaired yet’. Haijatengenezwa bado. Wewe hapa umeandika imetengenezwa, halafu ukapachika ‘yet’ mwishoni kama kitufe kisicho na tundu.”

Watoto wakacheka kitufe. Mume wangu naye akatabasamu, nilimwona.

“Kama Kiingereza kingekuwa mabati,” nikamwambia, “usingelowa.”

Wifi akavua miwani, akaikunja polepole, akaenda chumbani.

Najua nimevuka mpaka. Lakini na yeye! Mbele ya watoto wangu! Kesho nitaandika vilevile. Tai ametia tiki, na tiki ya bosi ina uzito kuliko kicheko cha wifi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeandika vilevile. Tiki.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Rola bado. Tiki.

Tunakausha kwa feni mbili na kwa dua. Mama Pacha, mwenzangu wa miaka kumi na mbili na msaidizi wangu, amevumbua kutandika mashuka juu ya bomba la maji ya moto, manne kwa zamu. Pacha wake wanamaliza shule mwaka huu. Anawasimulia huku anakunja, na mikono haisimami hata mara moja. Sijawahi kuona mtu mwenye vidole vyepesi kama vyake.

Ijumaa, 22 Machi

Wodi ya wazazi wamekuja kunigombeza kwa sababu ya mashuka. Nimewaambia wamgombeze Mungu na Fundi, kwa mpangilio wowote.

Jumatano, 27 Machi

Rola bado. Wifi ananisemesha kupitia kwa mume wangu. “Kaka, mwambie mwenye nyumba chumvi imekwisha.” Mwenye nyumba nimekaa hatua mbili kutoka kwake.

Mara mbili nimeshika kalamu nikataka kuongeza ile “not”. Mkono umekataa. Ningeiongeza leo, ingekuwa kama nimepiga magoti sebuleni.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua siku nzima. Bado. Tiki. Nimechoka hata kuandika kwamba nimechoka.

Alhamisi, 4 Aprili

Nitaandika kama ilivyotokea.

Asubuhi nilitumwa bohari kupokea sabuni. Nimerudi saa saba nikakuta mlango wa chumba cha kufulia uko wazi, rola imesimama, na shuka lenye damu likiburuza sakafuni. Sisi tunaona mashuka yenye damu kila siku ya Mungu, lakini hayo yanakuja kwenye mapipa. Hili lilikuwa bado linaning’inia kwenye mashine.

Mama Pacha alikuwa ameshapelekwa upasuaji. Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imejaa masizi, hanitazami. Nikamshika bega.

“Nieleze.”

Akanieleza. Wakubwa walipiga simu asubuhi: taarifa zinaonyesha rola imetengenezwa tangu mwezi uliopita, kwa nini wodi zinalia? Tai akashuka mbio, akarudisha fyuzi kwa mkono wake, akamwambia Mama Pacha aanze kupitisha mashuka.

Mama Pacha akamwambia, “Bosi, hiyo bado.”

Tai akamfungulia daftari. “Imeandikwa hapa. Repaired. Imetengenezwa. Msimamizi wako kaandika mwenyewe, au unamwita mwongo?”

Mama Pacha hasomi Kiingereza, lakini mwandiko wangu anaujua. Akautazama. Akasema, “Kama ni yeye kaandika, basi sawa.”

Shuka la nne lilijikunja pembeni, akanyoosha mkono kulikunjua. Rola zikamvuta. Upau ukasukumwa na mkono wake mpaka ukapinda, na mashine haikuzimika. Fundi alikuwa anarudi na ngazi begani. Akaitupa na kurukia swichi kubwa ya ukutani.

Kama ni yeye kaandika, basi sawa.

Ijumaa, 5 Aprili

Wodi ya upasuaji, kitanda cha dirishani. Mkono wa kulia umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Daktari anasema vidole vyote vipo, ila viwili huenda visikunjike tena.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalipotea. Nikamwambia tu kwamba nilikosea neno moja, na kwamba lile kosa niliambiwa mapema, na sikusahihisha kwa sababu aliyeniambia alinicheka.

Akajiinua kidogo juu ya mto.

“Nani alikucheka?”

“Wifi.”

“Kwa hiyo uligombana na wifi yako,” akasema, “nikaungua mimi.”

Nikamwomba msamaha. Akageuzia uso dirishani, mvua ilikuwa inapiga kioo.

“Bado,” akasema. “Leo usinidai hilo. Nenda kaniangalizie wanangu wamekula nini.”

Nimekwenda. Nimewapikia. Hawajaniuliza kitu, na hilo ndilo lililonimaliza.

Jumanne, 9 Aprili

Barua: nimeitwa mbele ya kamati ya uchunguzi tarehe kumi na saba. Maelezo kwa maandishi, kwa Kiingereza. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jioni kidogo kabla ya kutoka, Tai akanifuata stoo. Sauti laini, leo. Hata tai ameilegeza.

“Dada yangu, tusiharibiane. Wewe umeandika imetengenezwa, mimi nimesoma imetengenezwa. Wote tuko salama kama mwendeshaji mashine ndiye aliyekiuka taratibu. Andika tu kwamba alionywa asiweke mkono karibu. Mistari miwili. Nitakusaidia kwenye Kiingereza.”

“Na yeye?”

“Atatibiwa, hii si hospitali?”

“Na kazi yake? Na fidia?”

Akainua mabega.

Nimekuja nyumbani kwa miguu kwenye mvua, mwavuli mkononi, nimesahau kuufungua. Na nitasema kweli, kwa kuwa daftari hili halina msomaji: nilipofika kwenye kona ya duka la dawa, nilikuwa nimeshaitunga ile mistari miwili kichwani.

Jumatano, 10 Aprili

Nimegonga mlango wa chumba ambacho Wifi analala. Cha kwangu mwenyewe, na nimegonga.

“Wifi, nimekuja.”

“Naona.”

“Lile la mabati lilikuwa neno baya.”

“Lilikuwa zuri,” akasema. “Ndiyo maana liliuma.” Akasogea, akanipa nafasi kitandani. “Lakini kucheka kwangu nako hakukuwa na adabu. Unajua nililijuaje lile neno? Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika barua kwa mteja, mzigo wako ‘has arrived yet’. Mteja akafunga safari ya siku mbili kuufuata mzigo ambao haujafika. Bosi wangu akaibandika ile barua ukutani, juu ya meza yangu. Ikakaa mwaka mzima, kila anayepita anacheka. Nilifundishwa kwa kuchekwa, na mimi nikadhani ndivyo watu wanavyofundishwa.”

Miaka ishirini na mbili mimi ni mke wa kaka yake. Sikuwahi kusikia habari hiyo.

Nikamwambia kuhusu Tai na ile mistari miwili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa miwani.

“Kalamu iko wapi?”

Alhamisi, 11 Aprili

Usidhani amegeuka malaika. Ameniandikisha sentensi thelathini. Mvua haijakatika bado. Mume wangu hajatengeneza bomba bado. Wifi hajarudi kwake bado. Hiyo niliiweka makusudi, akaisahihisha herufi kubwa, basi. Kila nikisahau ile “not” anagonga meza kwa kidole cha pete. Nimeota kidole hicho.

“Kwa nini isikae peke yake kama bado?” nimemuuliza, nimechoka kabisa.

“Kwa sababu ni neno la watu. Wao hapana yao wanaiweka nje, mlangoni, kila mtu aione. Sisi tunaiweka ndani, kwa kuwa tunajuana. Sasa wewe ulikuwa unamwandikia mtu asiyekujua.”

Jumapili, 14 Aprili

Sentensi kumi na tano. Makosa mawili. Wifi: “Si haba.” Kwa Wifi, hiyo ni ngoma na vigelegele.

Jumatano, 17 Aprili

Kamati: watu watatu, meza ndefu, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Mwenyekiti ni mama wa makamo, nywele fupi, anaandika kwa penseli. Tai upande wa kulia. Fundi kwenye benchi la nyuma, ameitwa kueleza habari za mashine tu.

Tai alizungumza kwanza. Yeye alitegemea kumbukumbu zilizosainiwa. Hakupewa taarifa nyingine yoyote, ya mdomo wala ya maandishi.

Kisha mimi. Mwenyekiti akasoma maelezo yangu kwa sauti. Yalikuwa mafupi. Kwamba tarehe nne Aprili rola “had not been repaired yet”, ilikuwa haijatengenezwa bado. Kwamba niliandika kinyume kwa kutojua. Kwamba tarehe kumi na tatu Machi niliambiwa ni kosa, nikajua, na sikusahihisha. Kwamba Mama Pacha hakukiuka kitu chochote. Aliamini mwandiko wangu.

Akainua macho. “Hii sehemu ya tarehe kumi na tatu, unajua inakuumiza wewe?”

“Najua, mama.”

“Hakuna aliyekuuliza habari hiyo.”

“Mama Pacha ameniuliza,” nikasema. “Pale wodini.”

Akaandika kitu. Kisha akavuta daftari la zamu, akaanza kufunua, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka. Niliona duara jekundu likipita, na tiki, na tiki, na tiki.

“Sentensi hii imeandikwa mara ishirini na tano,” akamwambia Tai. “Kwa siku ishirini na tano za kazi mashine hii imetengenezwa kila siku, na kila siku wewe umetia tiki. Hukushangaa?”

“Nilisoma kilichoandikwa, mheshimiwa.”

“Hili duara jekundu limezunguka neno bado. Nani alilizungushia?”

Tai akashika tai yake.

Hapo ndipo Fundi aliposimama. Hakuna aliyemwuliza. Fundi ana mkataba wa miezi mitatu mitatu, nao unasainiwa na Tai. Mimi nimemsema mtu huyu kwenye daftari hili kama mvivu, na humu nimeacha nje maneno mabaya zaidi niliyoyasema kwa mdomo.

“Aliambiwa,” akasema. “Mimi nilikuwa mlangoni, natoka kufuata ngazi. Mama Pacha alimwambia, bosi, hiyo bado. Neno hilohilo. Halafu kile kidude mimi nimekiomba kwa maandishi mara tatu. Nakala hizi hapa. Zimekaa ofisini kwake hazijasainiwa.”

Akazitoa mfukoni, zimekunjwa mara nne, zina alama za grisi. Wiki hii, wiki hii, wiki hii. Kumbe alikuwa anaomba, na kila alipoomba alikuwa anaamini.

Mwenyekiti akazinyoosha juu ya meza kwa kiganja. “Unazungumza Kiswahili wewe?” akamuuliza Tai.

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Basi neno bado halikukushinda.”

Jumatano, 24 Aprili

Majibu. Tai amehamishiwa kwingine. Wakubwa hawafukuzwi, wanahamishwa kama makabati. Ajali ni ya kazini: Mama Pacha atalipwa mshahara mpaka apone, na fidia ya vidole. Mimi nimepewa barua ya onyo na nimevuliwa usimamizi. Narudi kwenye meza ya kukunja, nilikoanzia.

Nilidhani nitalia. Nimelala alasiri nzima kama mtoto aliyeogeshwa.

Jumatatu, 29 Aprili

Kidude cha rola kimefika, kikubwa kama sanduku la kiberiti. Fundi amekifunga kwa robo saa. Akajaribu upau kwa ufagio mara ishirini, mashine ikazima mara ishirini. Nimemwomba radhi kwa yote niliyomwazia. Ameniuliza ni yapi, nikamwambia asiniulize.

Kampuni imetuma fomu mpya ya zamu. Hakuna kuandika sentensi. Kuna picha mbili, uso unaocheka na uso ulionuna, unatia alama. Wiki mbili nzima nimegongewa meza na kidole cha pete, leo wananiletea nyuso!

Jumatatu, 13 Mei

Jua siku ya tatu mfululizo. Mabati ya Wifi yamebadilishwa, amefunga masanduku yake. Mlangoni amesimama, akaniambia mwiko uko droo ya pili, mahali ambapo ungepaswa kuwa tangu mwanzo. Nikambebea sanduku moja mpaka barabarani. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Lakini sanduku lilikuwa zito na nilikataa anipokee mpaka mwisho.

Jumatatu, 20 Mei

Mama Pacha amerudi kazini.

Aliingia saa moja kamili, akasalimia wote, akasimama mbele ya rola kidogo. Kisha akaja meza ya kukunja, upande wa pili, uso kwa uso na mimi. Vidole viwili vimenyooka kama penseli. Msimamizi mpya alitaka kumpa kazi ya kuhesabu foronya akiwa amekaa. Alikataa.

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Akachukua pembe zake, moja kwa mkono wa kushoto, ya pili akaibana kati ya kidole gumba na kimoja cha vile vinavyokunjika. Mimi nikachukua zangu. Nikavuta taratibu, nikiogopa.

Shuka likalegea katikati, likabembea.

“Wewe,” akasema.

“Naam.”

“Kama umekuja kunihurumia, kaa nje. Kama umekuja kazini, vuta.”

Nikavuta. Naye akavuta, likanyooka likapiga kama kofi. Tukakaribiana, nikampa pembe zangu, akazishika, tukaachana tena. Tulikunja mia mbili na kumi kabla ya chakula cha mchana, na katikati hapo, sijui lilikuwa shuka la ngapi, akaanza kunisimulia habari za wanawe.